Mkasi wa Uzi wa Manjano

Kitinda alimjua kwa mashati kabla ya kumjua kwa sura. Kwa watoto wa dobi hilo si ajabu. Watu wengine hujuana kwa sauti au kwa mwendo. Wao humjua mtu kwa jasho lake, kwa mchuzi aliojimwagia, kwa kifungo anachokichezea akiwa na wasiwasi mpaka uzi unalegea. Mwenye mashati haya alikuwa na wino. Na wino wenyewe haukukaa mkono wa kulia, ambako wino wa watu wote hukaa. Ulikaa kushoto, upande wa chini wa pindo la mkono, kama wa mtu anayeburuta mkono juu ya maneno yake mwenyewe kabla hayajakauka. Basi Kitinda, binti wa dobi, huku ameinamia karai na kipande cha ndimu, akampa jina. Akamwita Mashoto.

Yeye naye Kitinda halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa kuwa ni kitindamimba, na katika nyumba yenye watoto wawili kuwa kitindamimba si cheo kikubwa, lakini Kaka yake alilipenda neno hilo kwa sababu lilimfanya yeye aonekane mtu mzima sana. Mama yao alikuwa ameshafariki. Baba yao alikuwa Dobi, basi. Mtaa mzima haukumjua kwa jina jingine, na ukimwita kwa lile alilopewa na wazazi wake alichelewa kuitika, kama vile anangoja mwenye jina aje.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele palikuwa na meza ya kupokelea mafurushi, katikati meza mbili za pasi zilizovishwa blanketi kuukuu, na ukuta mzima wa kushoto ulijaa rafu, kila nyumba na rafu yake. Ya chini kabisa, karibu na ndoo ya wanga, ilikuwa ya kwao wenyewe, maana chumba walicholala hakikuwa na nafasi ya kabati. Kila nguo iliyoingia pale ilitiwa alama ya uzi ndani ya kola au kiunoni. Alama ya nyumba ya Hakimu ilikuwa mishono mitatu ya buluu iliyosimama sambamba; wao waliiita ngazi. Ya mwenye duka la dawa ilikuwa fundo jekundu, wakaliita jicho. Na ya kwao ilikuwa mishono miwili ya manjano iliyopishana, mkasi, ambayo mama yao aliianzisha siku alipohamia mle ndani akiwa bibi arusi. Shati la kwanza kutiwa mkasi lilikuwa la Baba.

Macho ya Baba yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo alipanga nguo kwa dole gumba. Anapapasa ndani ya kola, anajua, anaweka kwenye rafu bila kutazama. Nguo iwe ya hariri, iwe ya mtumba, kwake ilikuwa ni alama tu. Tangu mama afariki, mwenye kutia alama alikuwa Kitinda, na mkono wake ulikuwa haujawahi kukosea hata mara moja.

Baba alikuwa na sheria mbili, na hizo hazikuwa na rufaa. Ya kwanza, wanachokiona kwenye nguo za watu kisitoke nje. Ya pili, wasizoeane na wenye nguo. Kaka aliwahi kuzivunja zote mbili kwa pumzi moja alipomuuliza mteja kama tumbo limepoa, kwa jinsi alivyoiona suruali yake. Alipigwa kofi ambalo mpaka leo akilisimulia hushika shavu. Baba alisema watu wanamkabidhi dobi aibu zao, na mtu aliyekukabidhi aibu yake hataki kukukuta sebuleni kwake.

Kazi ya kuchukua na kurudisha mafurushi ilikuwa ya Kaka, kwa baiskeli. Msimu wa mvua akateleza kwenye matope, akavunjika mguu, na Kitinda akapewa nyumba zilizo karibu. Ya Hakimu ilikuwa mojawapo. Ilikuwa na geti refu, na baada ya geti maua yaliyokatwa yakalingana, na baada ya maua mlango mkubwa ambao haukumhusu. Yeye alizunguka nyuma, kwenye mlango wa jikoni, akabisha, akangoja mpishi. Hakuja mpishi. Alikuja kijana mrefu aliyevaa shati ambalo Kitinda alilijua vizuri kuliko mwenyewe, na kalamu ameishika kwa mkono wa kushoto.

"Kumbe ndiye wewe, Mashoto," akasema, na hapo hapo akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nani kakwambia natumia mkono wa kushoto?"

"Mashati yako."

Kijana akautazama mkono wake, akaona wino, akacheka mpaka akalazimika kuegemea mlango. Hakikuwa kicheko cha kumcheka mtu. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshikwa akiwa na furaha ya kushikwa. Kitinda alirudi nyumbani siku hiyo na furushi kichwani bila kujua amepita njia gani.

Kuanzia hapo mpishi hakufungua tena mlango. Mashoto alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya sheria, kwa kuwa baba yake alikuwa hakimu na babu yake alikuwa hakimu na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alimwambia Kitinda jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba angependa kuwa mwalimu, asimame mbele ya ubao, ajae vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Kitinda akamjibu kwamba hilo lingekuwa jambo la maana sana, kwani chaki inatoka kwa maji matupu na ndimu zinaadimika. Walizungumza hivyo, kwa utani, wakiwa wamesimama na kizingiti katikati yao, yeye ndani na Kitinda nje, na hakuna aliyekivuka. Lakini walipokwisha kuagana kila mmoja alibaki pale pale alipo kwa muda, akisikiliza nyayo za mwenzake.

Mguu wa Kaka ulipopona, kijana akaanza kuleta nguo zake dukani mwenyewe. Eti anapita tu. Alileta mashati yasiyo na hata kunyanzi, na alipoona Baba anayageuza na kuyanusa kwa mashaka, akaanza kuyachafua. Sasa mtoto wa watu hajui hata kuchafua. Alileta shati lililomwagikiwa chai mgongoni, katikati kabisa, na Baba akalishika juu mbele ya dirisha akalitazama kwa muda mrefu. Akauliza nyumba ya Hakimu siku hizi wanakunywa chai wakiwa wamekaa vipi. Kitinda aliingia nyuma ya shuka zilizoanikwa uani, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Siku moja Baba alipokuwa ameenda kununua sabuni, Kitinda alimgeuzia kijana kola akamwonyesha ngazi. Mashoto hakuwa ameiona, ingawa aliivaa shingoni tangu utotoni. Akaigusa kwa kidole. Kisha akataka kuona na ya kwao, na Kitinda akavuta shati la Kaka kutoka rafu ya chini, akamwonyesha mkasi.

"Na mtu wa ngazi akitaka kuhamia kwenye mkasi, anafanyaje?"

"Hahamii," Kitinda akasema. "Mtu huzaliwa nao."

Alisema akicheka, lakini Mashoto hakucheka. Alimtazama, na Kitinda akajua kwamba hili limeshatoka kwenye mzaha. Alimpenda. Alimpenda mpaka usiku akilala alisikia harufu ya ndimu mikononi mwake akafurahi kama mjinga. Wala hakujidanganya kuhusu mwisho wake. Aliijua sheria ya Baba, na alilijua lile geti. Alichokitaka kilikuwa kidogo na kilikuwa kikubwa kuliko vyote: huyu mtu awe wake mchana, mbele za watu.

Kisha likaja shati jeupe. Lilikuwa jipya, la kitambaa ambacho ukikikunja kinajifungua chenyewe, na Mashoto alilileta akiwa ameinamisha uso. Mama yake ameagiza litiwe wanga vizuri. Jumapili watakuwa na wageni wa chakula cha mchana, wakili mmoja rafiki wa baba yake, na mkewe, na binti yao. Binti yao, akarudia, kana kwamba Kitinda hakusikia.

"Umekubali?" Kitinda akauliza.

"Sijakubali."

"Umekataa?"

Kijana alikichezea kifungo cha mkono wake wa shati, kile kile ambacho Kitinda alikuwa akikikaza kila wiki. "Sijakataa pia," akasema.

Kitinda akamwambia shati litakuwa tayari Jumamosi. Aliisema kwa sauti ya dukani, ile ya kila mteja, na kijana akaondoka. Kitinda alikaa na shati mapajani. Alikuwa na sindano mkononi, maana alikuwa anarudishia mkasi kwenye suruali ya Kaka, na macho yake yalikuwa barabarani, yakimsindikiza mtu mrefu anayetembea kama aliyebeba ndoo mbili. Alishona bila kutazama. Mkono wake ulishaifanya kazi hiyo mara nyingi mno kuhitaji macho. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akalitupia shati kwenye karai, akainuka kwenda kulia uani ambako machozi na maji ya sabuni havitofautiani.

Wapo watakaosema alifanya makusudi. Wanaosema hivyo hawajawahi kupenda, au wamewahi na wamesahau.

Yaliyofuata yangechekesha yasingekuwa mazito. Shati lilikuwa la heshima, kwa hiyo Baba alilipiga pasi mwenyewe. Kisha, ikiwa ni wakati wa kupanga, akapitisha dole gumba ndani ya kola, akakuta mkasi. Akasimama kidogo. Akajiambia kumbe huyu Kaka mtu siku hizi ananunua mashati ya kitajiri, atamuuliza siku moja anazitoa wapi nguvu hizo, akaliweka rafu ya chini. Jumamosi furushi la Hakimu likaenda bila shati. Jumapili asubuhi Kaka akapekua rafu yao, akaliona, akapapasa mkasi kama walivyofundishwa. Akadhani Baba kamnunulia kumpoza na mguu wake. Kaka hakuwa mtu wa kuihoji neema. Akalivaa, akatoka kuzunguka mtaa ili watu wamwone.

Mama Hakimu, mama yake Mashoto, aliwasili kabla Kaka hajarudi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo haikuwahi kuhitaji kupanda, na nyuma yake alisimama Mashoto, ameshika funguo za gari. Wageni wanakuja mchana, mama akasema, na shati halimo. Baba akamwapia kwamba toka aanze kazi hii nguo haijapotea mikononi mwake. Akaiendea rafu ya ngazi mbele yake, akashusha nguo zote. Wateja wawili waliokuwa mezani wakasogea kando wapate kuona vizuri. Ndipo Kaka akaingia anapiga mluzi.

Mluzi wa Kaka ulikatika wenyewe.

"Kwa hiyo," Mama Hakimu akasema, "tukishawaletea huwa mnavaa."

Kitinda alimtazama baba yake. Aliona mzee anavyotafuta neno na halioni, akiwa ameshika mikono miwili mbele kama mtu aliyekamatwa kweli, na aliona wale wateja wawili wanavyotazamana. Angeweza kunyamaza. Shati lilikuwa mwilini mwa Kaka, aibu ingekuwa ya Kaka, na mtaa ungesahau. Kisha akamtazama Mashoto, ambaye alikuwa anatazama sakafu.

"Ni mimi, mama," akasema. "Kaka hana kosa, wala Baba. Nilitia alama ya kwetu badala ya yenu."

Baba akamsogelea Kaka, akageuza kola pale pale shingoni, akaiinamia. Mkasi ulikuwa pale, wa manjano, umenyooka, kazi safi kabisa.

"Mkono uliteleza," Kitinda akasema.

"Mkono wako hauna tabia hiyo," Baba akasema taratibu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kitu, na akiisha kukisoma anatamani asingejua kusoma.

Mama Hakimu hakujua habari za mikasi na ngazi, lakini alimjua mwanawe. Aligeuka akamtazama, akaona uso wake ulivyoiva mpaka masikioni, akamtazama Kitinda, akarudi kwa mwanawe. Hata chai ya mgongoni huenda aliikumbuka.

"Kumbe si shati tu," akasema.

Na Mashoto hakusema kitu. Hapo ndipo moyo wa Kitinda ulipovunjika, si kwa maneno ya yule mama. Alingoja. Alimpa nafasi ya kuvuta pumzi na nafasi ya kuitoa, na kijana alisimama na funguo zake mkononi na midomo yake ikafunguka ikafunga. Kaka alivua shati mbele ya watu wote, akabaki na fulana yenye matundu, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa, akalikabidhi kwa mikono miwili. Mama Hakimu akalipokea kwa vidole viwili. Akaagiza nguo zao zote zilizobaki zitiwe garini, kavu na mbichi, na kuanzia siku hiyo rafu ya ngazi ikawa tupu.

Walipoondoka Baba hakumpiga wala hakumfokea. Alinyoosha kiganja. Kitinda akaelewa, akamwekea sindano juu yake. Tangu hapo Baba akawa anatia alama mwenyewe, akiwa amesogeza kola puani na kutukana uzi, na Kitinda akahamishiwa kwenye pasi.

Kesho yake Mashoto alikuja. Huo ujasiri ungefaa jana, lakini alikuja. Alimwamkia Baba, Baba akaitikia, akamwonyesha benchi. Kitinda alikuwa uani nyuma ya shuka na alisikia kila kitu. Kijana alisema anamtaka binti yake, kwa heshima, kwa njia ya halali. Baba akamuuliza wazazi wake wamesemaje. Kijana akasema hajawaambia, atawaambia. Kukasikika maji yakichuruzika kutoka kwenye nguo zilizoanikwa.

"Sikiliza, mwanangu," Baba akasema. "Mama yako amenifanya mwizi mbele ya wateja wangu. Nikikupa binti leo, watu watasema dobi alianza na shati akamalizia na mtoto. Watakuwa na haki. Lile shati liliingia kwangu kwa kosa. Mtu haingii nyumbani kwangu kwa kosa."

"Kwangu mimi si kosa, mzee."

"Jana ulikuwepo. Mbona hukusema?"

Kitinda aliusikia ukimya uliofuata. Aliusikiliza wote mpaka mwisho wake. Benchi likalia, nyayo zikatoka, naye akabaki ameshika shuka lililolowa, akiomba kimoyomoyo kwamba arudi aseme japo neno moja, lolote, hata la upumbavu. Nyayo zilikwenda zikaisha.

Habari zikaja baadaye kwa vipande, kupitia kwa mpishi. Wageni wa Jumapili walikula wakaenda, na hakikufuata kitu. Kijana amemaliza masomo. Kijana amegombana na baba yake. Kijana hayupo, ameondoka, haijulikani kaenda wapi. Kitinda alizipokea habari hizi bila kuinua macho kwenye pasi, na mpishi akaenda kuwaambia wenzake kwamba yule binti ameshasahau.

Kusahau. Alipiga pasi mashati ya mji mzima, na kila shati alilolichukua alianzia mkono wa kushoto. Hakujiagiza, ndivyo mkono ulivyokwenda. Aligeuza pindo, akatazama chini yake, akakuta jeupe, akaendelea. Makarani walikuwa na wino kulia. Wanafunzi walikuwa na wino kulia. Hakuwa amewahi kujua kwamba ulimwengu wote unaandika kwa mkono mmoja. Kuna siku alipata doa kushoto, akalikimbiza dirishani na moyo unamwenda mbio, ikawa ni mafuta ya baiskeli. Alicheka peke yake, kisha akakaa kwenye kiti cha Baba. Alikonda. Kaka alimletea matunda bila kusema ni ya nini, na kwa Kaka kutosema ni kazi ngumu kuliko kupanda mlima kwa baiskeli.

Baba aliona. Macho yaliyochoka kwa uzi hayakuchoka kwa mtoto. Lakini alikuwa ameshasema, na yeye si mtu wa kufumua alichokishona. Jioni walikaa wote watatu wakila, na rafu ya ngazi ikiwa tupu ukutani, na hakuna aliyependekeza ipewe mteja mwingine.

Mvua zikaja tena zikapita. Asubuhi moja Kaka akaingiza baiskeli mpaka ndani ya duka, jambo alilokatazwa, akatupa furushi mezani. Alisema ni mteja mpya, mwalimu wa shule ile iliyo ng'ambo ya daraja, amepanga chumba kimoja nyuma ya shule hiyo. Anaishi peke yake, akaongeza, amehama kwao. Kisha akaanza kupiga mluzi na kuchunguza mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na tatizo lolote.

Baba akafungua furushi. Mteja mpya lazima apewe alama, kwa hiyo akachomoa sindano kifuani, akashika shati la kwanza, akapitisha dole gumba ndani ya kola ajue ashone wapi. Dole likasimama. Akalirudisha. Akashika shati la pili, la tatu, akapapasa yote hadi la mwisho, polepole, huku uso wake hauonyeshi kitu.

"Kitinda," akaita. "Njoo unisomee hapa. Macho yangu leo mabaya."

Kitinda akaja. Kabla hajafika kwenye kola aliona mikono ya mashati, maana ndiko macho yake yalikozoea kwenda. Chini ya pindo la kushoto, kwenye kila shati, palikuwa na vumbi jeupe la chaki. Akashika ukingo wa meza. Baba akamgeuzia kola. Ngazi ilikuwa imefumuliwa, ikabaki safu ya vitundu vidogo ilipokuwa imekaa. Na kando yake, kwa uzi wa manjano mnene kupita kiasi, pameshonwa mkasi. Ulikuwa mbaya. Fundo lilitokeza kama upele, na mshono wa juu ulilala upande usiolalia mikasi mingine yote ya nyumba hiyo, upande ambao ungelala tu kama mshonaji ameshika sindano kwa mkono wa kushoto.

"Haya yote yako hivi?" Kitinda akauliza, na sauti yake hakuitambua.

"Yote. Hata ya ndani." Baba akakohoa. "Huyu hakuteleza. Mtu hawezi kuteleza namna hii kwenye nguo zote alizonazo."

Nyuma yao pasi iliyosahauliwa ilianza kuunguza foronya ya mwenye duka la dawa. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kuungua katika nyumba ile, na wote watatu walisikia harufu, na hakuna aliyekwenda isipokuwa Kaka, aliyekwenda akiwa amegeuza shingo ili asikose kinachoendelea.

Baba alikuwa bado ameshika shati. Alilikunja, kola juu, mikono nyuma, kama alivyokunja nguo maisha yake yote. Akainama kwa taabu, akiwa ameshika kiuno, akaliweka rafu ya chini, karibu na ndoo ya wanga. Akalipigapiga kidogo lilale sawa. Kisha akanyoosha kiganja, na safari hii sindano ilikuwa juu yake.

"Huo uzi hautahimili maji mara mbili," akasema. "Hata mkasi wa kwanza wa mama yako ulikuwa mbaya hivi hivi, lakini angalau ulikaza. Chukua. Fumua yote, ushone upya. Na usije ukaniambia tena kwamba mkono uliteleza."

Kitinda akachukua. Akakata uzi wa manjano, akaulowesha kwa ulimi, akauelekeza kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni tena, kwa jinsi macho yalivyomjaa. Baba akavuta kiti, akakaa karibu yake, akangoja.